Miaka Yangu ya Kutoga Wanaume Wheaton

Nilistaafu wiki tatu zilizopita, na kila asubuhi mikono bado inatafuta glavu. Nyinyi watatu mliobaki dukani mliniomba niandike ninayoyajua kabla sijayasahau. Nimekubali kwa sharti moja, kwamba nitaandika kwa Kiswahili, kwa sababu nusu ya wateja walionifundisha kazi hii walinigunia na kunilalamikia kwa lugha hiyo. Asiyeielewa atafute wa kumsomea. Kuhusu mshahara na vyeo sina la kusema. Nitasimulia kazi.

Kazi yenyewe ni kutoga. Wengi wakisikia neno hilo hufikiria masikio ya watoto wachanga. Nimetoga masikio, pua, nyusi na vitovu, lakini jina langu lilienea kutoka Wheaton hadi Rockville kwa sababu ya chumba cha pili, kile chenye kitasa kwa ndani, ambako wanaume wazima huja kutogwa uume. Nimeliandika neno hilo mapema ili tusizungukezunguke. Wanaume wazima, nasema. Chini ya miaka kumi na minane hapana, hata aje na baba yake mzazi na askofu, na kitambulisho kinaangaliwa kabla ya salamu kwisha.

Sikuja Marekani kwa ajili hiyo. Nilitoka Bungoma nikiwa na umri wa miaka thelathini na nane, na kama Wakenya wengi hapa nilianza kwa kutunza wazee. Nilifanya kazi katika nyumba ya wazee huko Rockville, nikiwaogesha, nikiwageuza kitandani na kusaidia kufunga vidonda vyao. Huko nilijifunza kwamba kidonda kina tabia zake na hakipendi kusumbuliwa. Halafu mgongo ukakataa. Daktari alisema nisibebe tena mtu, na siku moja nikitoka kituo cha treni cha Wheaton nikaona karatasi kwenye dirisha la duka: anatakiwa mtu wa kusafisha vyombo.

Mwenye duka alikuwa Darlene, mama Mwamerika mweusi mwenye nywele fupi za kijivu na miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba. Alikuwa amefanya kazi miaka mingi hospitalini kwenye chumba cha kutakasa vyombo vya upasuaji kabla hajafungua duka lake. Hakuniuliza nimesoma wapi. Aliniuliza, "Unajua tofauti ya kilicho safi na kilichotakaswa?"

Nikamwambia kilicho safi kinapendeza macho, kilichotakaswa hakina kijidudu hata kimoja.

"Nani alikufundisha?"

"Mke wangu. Ni nesi."

"Basi umeoa vizuri. Nawa mikono."

Nikanawa. Akaangalia saa ya ukutani na kuniambia nirudie. Siku ile ya kwanza nilinawa mikono mara sita kabla sijaruhusiwa kugusa koleo moja. Nilidhani mama huyu ana kichaa kidogo. Leo nikikumbuka watu wote waliotoka katika chumba kile wakiwa wazima, naona alikuwa na kichaa cha kutosha.

Miezi mitatu ya kwanza sikumwona mteja ila wakati anaingia na anatoka. Nilisugua, nikasuuza, nikakagua kila kifaa chini ya taa, nikakifunga kwenye mfuko wake na kukitia ndani ya otoklevu, ile mashine inayoua vijidudu kwa mvuke mkali. Kila mwezi tulipeleka maabara kichupa cha majaribio kilichopitishwa humo ili kuhakikisha mashine haitudanganyi. Msiache kupeleka kichupa hicho. Taa ya kijani kwenye mashine inasema tu kwamba mashine imemaliza kazi. Haisemi kama imeifanya vizuri.

Baadaye akanifundisha vito. Alimwaga mafungu mawili juu ya kitambaa cheusi, yote yaking'aa, na kuniambia nichague nitakachokubali kiingie kwenye nyama ya mtoto wangu. Nikachagua kwa kung'aa, nikakosa vyote. Akaniwekea kijiti kimoja, kile kipande cha kito kinachopita kwenye tundu, juu ya ukucha na kukivuta polepole. Kilikwaruza. Kwenye vito vya hovyo, meno ya skrubu yako juu ya kijiti chenyewe, na yakipita kwenye tundu bichi ni msumeno. Kwenye kizuri, skrubu iko kwenye shanga inayofunga ncha, na kijiti ni laini kuanzia mwanzo hadi mwisho. Akanieleza kuhusu madini pia. Titaniamu ya daraja la kupandikizwa mwilini ndiyo ya kuanzia, nyepesi, haina nikeli ya kumletea mtu muwasho. Dhahabu halisi inafaa, ikiwa ni halisi mpaka ndani. Dhahabu ya kuchovya humenyuka, na kinachobaki chini yake hukijui. Fedha huachia weusi kwenye kidonda, kwa hiyo ikae kwenye kidole.

Jambo la tatu lilikuwa unene, na hili huwashangaza wanaume wote. Wanaingia wakiomba kitu chembamba, kwa kuwa wanadhani chembamba kitauma kidogo. Mahali hapo hutembea, hukunjwa, huvutwa na nguo. Pete nyembamba kama waya itakata ngozi taratibu, kama uzi unavyokata sabuni. Nene kiasi hutulia.

Nyumbani, wakati huo wote, nilikuwa nimemwambia mke wangu Rose kwamba nafanya kazi kwenye duka la vito. Haukuwa uongo. Ulikuwa ukweli uliovaa koti refu. Tulikuwa tunasali kwenye kanisa la Wakenya, Rose akiimba kwaya, na nilijua neno likitoka litafika kwa kila mtu kabla ya chai ya baada ya ibada.

Jumamosi moja nilikuwa nimeleta nyumbani kielelezo cha silikoni ambacho Darlene alinipa nijizoeze kupima na kuweka alama. Kilikuwa kimetengenezwa kwa uaminifu mkubwa. Nilikiacha kwenye mfuko wa jaketi, na jaketi nikaliacha kwenye kapu la nguo chafu. Nilikuwa nakunywa chai Rose alipotokea mlangoni akikishika kwa vidole viwili.

"Baba Nekesa, hiki ni nini?"

"Ni cha kazini."

"Uliniambia unauza vito."

"Nauza. Sasa kuna mahali pa kuvivalisha."

Hakucheka. Alikiweka mezani kando ya sukari akaondoka. Siku mbili alinipikia kama kawaida na kuniongelesha kuhusu watoto tu. Siku ya tatu aliweka jozi ya glavu mbele yangu.

"Vaa. Sasa vua."

Nikavua.

"Umejigusa kifundo cha mkono kwa upande mchafu. Rudia." Nikarudia mpaka akaridhika. Kisha akaketi. "Watu watasema. Hilo siwezi kuzuia, na si la kuniumiza kichwa. Lakini wewe umenificha mwaka mzima, Wafula. Hilo ndilo limeniuma."

Nikamwomba msamaha. Akasema, "Basi kama utaifanya, usiifanye ovyo."

Mteja wangu wa kwanza wa chumba cha pili, Darlene akiwa amesimama begani kwangu, alikuwa Salimu, Mtanzania kutoka Tanga aliyekuwa anasomea shahada ya udaktari wa falsafa kwenye chuo kikuu cha College Park. Alikuwa mtaratibu, na shati lake lilikuwa limepigwa pasi mpaka kola inakata. Alipojua mimi ni Mkenya alifurahi kama amekutana na jirani. Nikamweleza hatua zote, nikatoka ili avue nguo, na niliporudi nikamkuta amelala chini ya shuka ya karatasi. Akainua kichwa na kusema, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba," nikamjibu, nikivaa glavu. Kwetu Kenya bara salamu hiyo hatuitumii sana. Tangu siku hiyo sijaisikia bila kukumbuka chumba kile.

Alikuwa amekuja na pete yake, dhahabu ya kuchovya aliyoinunua mtandaoni. Nikaikataa. Alitaka kutogwa kwenye ngozi ya chini ya shina la uume, ambako ndiko rahisi kwa anayeanza, na nikamchagulia kijiti kilichonyooka cha titaniamu chenye shanga pande zote mbili. Alikuwa na swali ambalo Darlene asingeweza kulijibu.

"Mzee, mimi naswali. Natawadha mara tano. Maji yatadhuru kidonda?"

"Maji safi yanayotiririka hayana shida. Baada ya hapo jikaushe kwa karatasi ya kutupa, usitumie taulo, maana taulo hushika uzi na vijidudu. Usisugue. Gusisha tu."

"Na damu ikitoka kidogo, swala yangu je?"

"Hilo muulize sheikh."

Akanitazama. "Nitamuulizaje sheikh jambo hili?"

"Mwambie una kidonda. Si uongo."

Kwetu kijana anayetahiriwa hakubaliwi hata kupepesa jicho, na mimi mwenyewe nilisimama hivyo zamani. Kwa hiyo Salimu alipouma meno na kutazama dari kama askari, nilimfahamu. Nikamwambia, "Hapa hakuna anayekuhesabia. Ukitaka kusema uwi, sema." Akavuta pumzi, akaitoa, sindano ikapita, na akasema uwi kwa sauti iliyofika mbele dukani. Nikawa nawaambia wote hivyo tangu hapo. Anayejibana hukaza misuli na huumia zaidi.

Siku tatu baadaye Salimu akarudi anatembea kama aliyekalia miiba. Ngozi ilikuwa imevimba, na shanga zilikuwa zinazama. Mimi ndiye niliyekosea. Nilikuwa nimechagua kijiti kifupi kwa kuwa kilikaa vizuri na kupendeza. Darlene aliosha mikono, akakitoa na kuweka kirefu zaidi huku akimwongelesha Salimu habari za masomo yake. Mteja alipoondoka ndipo akanigeukia.

"Kidonda huvimba kabla hakijapona. Wewe ulikipimia nguo ya siku ya kupona."

Tangu hapo hadi nilipostaafu kijiti changu cha kwanza kilikuwa kirefu kuliko mteja alivyopenda, nami nikimwambia arudi baada ya wiki kadhaa nimwekee kifupi. Salimu alirudi kwa hilo, amepona, na kopo la visheti vilivyopikwa na dada yake. Hakunidai radhi, na ndiyo sababu sijamsahau.

Miaka ikaenda. Darlene alistaafu akahamia kwa dada yake kusini, akaniachia chumba cha pili. Nikazoea makosa ya wateja. Mmoja alisafisha kwa spiriti mpaka ngozi ikakauka na kupasuka. Mwingine alizungusha pete kila asubuhi kwa sababu shangazi yake alimfundisha hivyo kuhusu hereni, na kila asubuhi akaurarua utando mpya uliokuwa unaota. Wengine walipaka marashi mazito, na kidonda kikakosa hewa. Kwa hao wote nilikuwa na maneno yaleyale: maji ya chumvi yaliyotakaswa, yale ya kopo la kupuliza, mara mbili kwa siku. Ganda likijitokeza lilainishe kwa maji, usilibandue. Nawa mikono kwanza. Chupi ya pamba, safi kila siku. Usiingie bwawa la kuogelea. Na kitandani, subiri. Mwili wako ukikuambia umepona, subiri tena kidogo, halafu tumia kondomu. Wanaume walinisikiliza vizuri mpaka hapo kwenye kusubiri.

Sasa nifike kwa Shemasi Gitau. Amenipa ruhusa niandike, mradi nimbadilishe jina na kazi. Nimembadilisha.

Alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu kanisani kwetu, mtu wa sauti nzito na tai pana. Habari za kazi yangu zilipofika kanisani, kama nilivyojua zingefika, wengi walicheka wakanyamaza. Yeye hakucheka. Jumapili moja alisimama na kuonya kuhusu wanaotoboa hekalu la Mungu, akitazama upande wangu. Rose aliimba wimbo uliofuata kwa nguvu kuliko kawaida. Miaka minne hivi mimi na shemasi tulisalimiana kwa ncha za vidole.

Halafu mchana mmoja wa Juni, joto limetanda, akaingia dukani amevaa koti. Alikuwa anatetemeka. Alitazama nyuma yake mlangoni kabla ya kusema.

"Ndugu Wafula, una mahali pa faragha?"

Nikampeleka chumba cha pili na kufunga kitasa. Akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akashindwa kuanza. Nikamsaidia.

"Shemasi, una homa. Ni wapi panauma?"

Akaonyesha kwa kidevu. Alikuwa ametogwa na mtu fulani kwenye chumba cha chini cha nyumba ya kupanga, mtu ambaye hakubadilisha hata glavu. Pete nyembamba ilipita kwenye njia ya mkojo na kutokea chini ya kichwa cha uume. Rangi ya dhahabu ilikuwa imebanduka na kuwa ya kijani. Kwa wiki nzima alikuwa akijiosha kwa ile dawa ya kahawia ya nyumbani inayogeuka maziwa ukiitia majini, ile mama zetu walitumia kwa sakafu na kwa magoti ya watoto bila kubagua. Wekundu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye pumbu na kupanda kinenani. Kulikuwa na harufu.

"Nitolee tu hii pete," akasema. "Nitolee, niende nyumbani, na tusiongee tena."

"Una sukari, sivyo?" Nilikumbuka kwamba kwenye chai ya kanisa hakugusa mandazi.

"Ninayo."

"Basi siitoi, na nyumbani huendi. Nikiitoa, tundu litajifunga na usaha utabaki ndani. Daktari ndiye ataamua lini itoke. Tunaenda hospitali sasa hivi."

"Hospitali gani? Hapo karibu? Nusu ya manesi ni wa kanisa letu! Rose wako yuko hapo!"

"Yuko."

"Heri nife, Wafula."

Alilisema hilo kwa utulivu, na nikaona kwamba analifikiria kwa dhati. Nilikuwa nimeona vidonda vya wenye sukari kule kwa wazee. Najua jinsi nyama inavyoweza kuoza kwa siku moja, na mahali pale ndipo pabaya zaidi. Sikuwa na ubishi mwingine, kwa hiyo nikamwambia ukweli.

"Unaweza kufa, ndiyo. Na ukifa kwa hili, daktari ataandika sababu kwenye karatasi, na karatasi itasomwa na kamati ya mazishi. Ukienda sasa, watajua watu watano ambao sheria inawafunga mdomo."

Akafumba macho. Nadhani alikuwa anaihesabu ile kamati ya mazishi. Kisha akasimama, nikamshika mkono, na nikamwendesha kwa gari langu, kiti kimelazwa nyuma, kiyoyozi kimezimwa kwa sababu ya baridi yake, mimi nikilowa jasho.

Nilikuwa nimempigia Rose simu ili atuambie mlango gani. Hakuuliza ni nani. Alitukuta na kiti cha magurudumu. Alikuwa amekaa mstari mmoja na mtu yule kanisani miaka kumi na miwili. Aliinama mbele yake, akafungua jalada na kusema kwa upole, kama anamwona mara ya kwanza, "Karibu, baba. Jina lako kamili ni nani? Tarehe ya kuzaliwa?"

Shemasi akamtajia jina lake lote, moja baada ya jingine, na machozi yakaanza kumtoka. Rose aliandika kila neno. Sijawahi kumpenda mke wangu kama dakika ile.

Walimtia dawa kwenye mshipa na kumpeleka kusafishwa. Nikabaki kwenye viti vya plastiki. Kabla hajaingizwa aliniomba nimpigie mkewe, lakini nisimweleze. "Sema ni homa." Mkewe, Mama Wambui, alifika akikimbia na kanga ya nyumbani juu ya suruali ya kazini. Ni mama mfupi, katibu wa kina mama kanisani, anayeandika kumbukumbu za vikao bila kuacha hata kikohozi. Nikasimama, nikiwa nimeandaa uongo wangu.

"Ni homa tu, Mama Wambui, madaktari wana—"

"Ni ile pete?" akaniuliza.

Nikamsogezea kiti.

"Wazo lilikuwa langu," akasema, akaketi. "Tangu apate sukari alikuwa ameanza kujiona mzee aliyekwisha. Akawa ananipa mgongo. Nikamwambia, hebu tufanye jambo la kijinga, sisi wawili tu, tucheke. Nilisoma mahali. Nikamwambia aje kwako. Akasema kwako hawezi, alishasema maneno mbele ya watu. Ndipo akaenda kwa yule." Akajifuta uso kwa kanga. "Amekuwa akinilinda mimi, Wafula. Atakuwa amekuambia ni siri yake."

Nikamwambia hajanitajia mke hata mara moja. Akacheka akilia.

Shemasi alikaa hospitali siku tisa. Walimwokoa bila kukata kitu, ingawa daktari alimwambia kwamba angengoja mpaka kesho yake asingemwahidi hivyo. Kanisani ilitangazwa kuwa ni homa ya sukari, na watu wakampelekea supu. Jumapili aliyorudi alivuka ukumbi wote, watu wakiangalia, akanipa mkono mzima na hakuuachia upesi.

Mwaka na zaidi ulipita. Siku moja wakaja wote wawili, yeye na mkewe, wamevaa kama wanakwenda harusini. Mama Wambui alifungua mkoba akatoa barua ya daktari na majibu ya sukari ya miezi mitatu. Sukari ilikuwa imeshuka vizuri. Barua ilisema kovu limekomaa, na kwamba daktari hana pingamizi ikiwa usafi utazingatiwa. Niliisoma mara mbili. Nikampigia daktari mwenyewe kuhakikisha, maana nimeshaletewa barua nyingi zilizoandikwa na shemeji.

"Una uhakika, shemasi?" nikamuuliza. "Hakuna anayekusukuma?"

"Ananisukuma huyu," akasema, akimwonyesha mkewe, "tangu nikiwa na miaka ishirini na mitano. Nimezoea."

Nikatoa trei. Nikawaeleza tundu litapita kando ya kovu, na kwamba safari hii ni pete ya titaniamu, unene wa karibu milimita mbili na nusu. Mama Wambui aliipima kwa macho, akaomba kuona yenye shanga ya buluu. Nikamwambia buluu ya titaniamu si rangi ya kupaka, inatokana na umeme, haina madhara. Akaichagua. Shemasi alisema hataki buluu. Ikawekwa buluu.

Alipotogwa alisema uwi kwa Kikuyu, na kwa urefu. Mkewe aliandika maelekezo yote kwenye daftari la vikao: damu inaweza kutoka siku chache, avae pedi ndani ya chupi. Anywe maji mengi, mkojo unasaidia kuosha. Mwanzoni aketi anapokojoa, maana utamwagika pasipotarajiwa. Sabuni isiingie ndani ya njia. Apime sukari kila siku, na homa ikija asingoje jua lizame.

"Pedi atanunua yeye mwenyewe," Mama Wambui akasema akiandika. "Mimi nimezinunua miaka arobaini."

Kidonda kilipona taratibu, kwa miezi mitatu badala ya wiki chache, kama inavyotarajiwa kwa mwenye sukari. Alikuja kila wiki ya pili nimkague. Tulizoea kuongea. Kuhusu lile onyo lake la kanisani alinisemesha mara moja tu. "Nilikuwa naongea nisichokijua," akasema, akifunga mkanda. Nikamwambia kanisani na dukani kungekuwa kimya kama kila mtu angeongea anachokijua tu. Tukaishia hapo.

Siku yangu ya mwisho kazini iliangukia Alhamisi ya kawaida. Neema alikuwa ameshapata leseni yake mwezi uliotangulia. Mnamjua nyote, lakini kwa atakayesoma baadaye: wazazi wake ni Watanzania, amekulia College Park, Kiswahili anakielewa chote na kujibu kwa Kiingereza. Mteja wa saa tisa alikuwa mwanamume wa makamo kutoka Bukavu. Kiingereza kilimpiga chenga, Kifaransa sisi hatuna, kikabaki Kiswahili. Nikaanza kunyanyuka.

"Uncle, kaa," Neema akasema. "Mimi naweza."

Wakaingia, na mlango wa chumba cha pili ukaachwa wazi wakati wa maelezo, kama sheria yetu ilivyo. Nikawa nasikia.

"Baba, utaosha hii... hii wound... kidonda, na maji ya chumvi. Mara mbili. Usi-twist."

"Nisifanye nini?"

"Usizungushe! Na hizi balls, hizi... shanga, zikilegea, unakaza na mikono safi."

"Bon. Na bibi yangu, atangoja wiki ngapi?"

Neema akajibu, kwa Kiswahili kilichonyooka ambacho sijui alikitoa wapi, "Atangoja mpaka mimi niseme."

Yule baba akacheka mpaka kitanda kikalia. Neema naye akacheka, kisha nikasikia maji yakitiririka kwenye sinki, akinawa, muda mrefu wa kutosha, na mlango ukafungwa. Nilikaa pale mbele na koti langu magotini nikingoja kama ataniita. Nilisikia pumzi zikivutwa na kutolewa, nikasikia uwi kwa lafudhi ya Kongo, nikasikia sauti ya Neema ikisema pole, imekwisha, tazama mwenyewe.

Hakuniita. Nikavaa koti nikaenda nyumbani kula chakula cha mchana kilichochelewa.